Zamu ya Zihindula

Tangu ofisi yao ya Goma ifungwe, karani Zihindula alishinda ndani na mchezo wa Kijapani kwenye simu. Aliupenda kwa sababu zimwi la humo lina adabu kuliko watu wa bunduki: linangoja mpaka mutu aamue, ndipo lipige.

Mganga wa kikosi chake humo mchezoni, Zihindula alimpa jina la mke wake Sidonie, aliyekwenda mji wa Kiwanja kutafuta maharagwe, barabara ikafungwa na vita, asisikike tena.

Sasa mganga alikuwa mahututi; pigo moja tu la zimwi lingemuua. Zihindula akasita kubonyeza.

Mara simu ikaita. Namba ngeni.

“Papa, pokea basi!” binti yake Gisèle akapiga kelele.

“Bado zamu yangu,” akasema, kidole kikiwa hewani. “Nisipobonyeza, mama yako hafi.”