Chungu Nyuma ya Kitenge

Emilienne aliuza dagaa sokoni Kashikishi, upande wa Zambia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye spika. Kule Kongo alijifunza kwa mjomba wake kufungua redio zilizonyamaza, na mwaka ule wa 1998 alichukua chungu kikubwa cha maji, akapachika spika kwenye mdomo wa chungu, kikatoa besi iliyotikisa masufuria ya jirani.

Kwaya ya Shemasi Mwansa ilikuwa ikitafuta spika ya Jumapili, siku ambayo kwaya ya wageni kutoka Puta ingekuja kuimba. Emilienne aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Angeipata, watu wangeacha kumwita mama wa dagaa na wangemletea redio zao bila kujificha. Kikwazo kilikuwa Papa Stéphane.

Stéphane alikuwa mtaalamu. Hakuna aliyewahi kumwona akishika waya, ila alikuwa na gazeti moja la Kifaransa, nusu ya kurasa zake zimeshafungiwa samaki, na katika nusu iliyobaki alijua yote. Ulimi hauna mfupa. Alitangaza kwamba chungu ni udongo, kwa hiyo sauti yake ni ya matope. Sauti safi hutoka kwenye sanduku la mbao. Kwenda kukisikia alikataa, eti mtu aliyesoma hana haja ya kusikiliza. Inaudhi, jamani, na Mwansa alikuwa ameanza kumwamini.

Basi Emilienne akaazima sanduku la spika kwa seremala, akatundika kitenge kwenye chanja ya kukaushia samaki, akaweka chungu na sanduku nyuma yake pamoja na redio ya kaseti na betri ya gari. Mwansa na Stéphane wakakaa mbele, waamue kwa masikio tu, na nusu ya soko ikasogea.

Chungu kikaimba kwanza. Emilienne akazima, akatangaza kwamba inafuata ya pili, akainama kuhamisha nyaya. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya samaki, fundo likakataa kufunguka, kiwiko kikabonyeza kitufe. Chungu kikaanza kuimba tena. Kabla hajakizima, Stéphane alikuwa amekwisha kusimama.

"Ile ya kwanza ilikuwa na potopoto, matope matupu, mu sauti. Hii ya pili njo mbao, kila mutu anasikia. Donc tumemaliza."

Emilienne angeweza kumkatiza. Hakumkatiza. Alimwacha aeleze ni mbao ya mti gani na ilikatwa msimu gani, na alipofika kwenye gundi ndipo akavuta kitenge. Mwansa akalitazama lile sanduku. Halikuwa na waya hata mmoja. Akacheka mpaka akashika mbavu, na soko zima pamoja naye.

"Ba Emilienne," akasema Mwansa kwa heshima alipopata pumzi, "siku ya Mungu mulete nyungu yenu."

Machozi ya furaha yalimtoka Emilienne, akasingizia moshi wa samaki.

Watu walipotawanyika, Stéphane alirudi na kitu alichokifunika kwa koti. Ilikuwa redio yake.

"Mama Emilienne, hii haisemi tangu miaka mbili. Mi naona shida yake iko mu..."

"Mi bado kuifungua, Papa Stéphane," akasema Emilienne. "Na weye pia bado."