Siku Mifumo Iliposomana Kibanjani Kwangu

Vijana wenye mapanga walinipa shikamoo kwanza. Nikaitikia marahaba, nikidhani wanapita njia. Kiongozi wao akatazama simu, akatazama migomba yangu, akawaambia wenzake, "Ni hapa." Panga la kwanza likaangusha mgomba alioupanda mama mkwe wangu, na mkungu wake haujakomaa.

"Wanangu, mmepotea," nikasema. "Ugonjwa wa mnyauko uko kwa shemeji, ng'ambo ya mfereji. Kwangu haupo."

Akainamia shina lililokatwa. Mgomba wenye mnyauko hutoa usaha wa njano, hilo Nyaishozi nzima inalijua. Pale palitoka utomvu safi.

"Huu ni mzima, mama," akasema.

"Basi?"

"Simu inasema shamba ni hili. Sisi tunakata pale simu inaposema."

"Na siku ya kuoa utaiuliza simu bibi harusi ni yupi?"

Wenzake wakacheka, huku wanakata. Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, alisimama upande wake wa mfereji, mikono nyuma. Neno lake moja lingetosha. Hakulitoa. Mpaka leo ananisalimia nje ya kanisa, nami napita.

Ilianzia mbali. Kampuni ya kahawa ilileta vijana wa kusajili mashamba kwa simu. Kila shamba lilitakiwa kutiwa alama pale pale lilipo, ili ramani ilijue. Siku hiyo mvua ilinyesha. Kwetu mgeni hatembezwi kibanjani, shamba la kuzunguka nyumba, kabla hajakaa akapewa punje kavu za kahawa za kutafuna, na akishakaa humtoi mvuani. Wakakaa kwangu, wakatafuna. Shemeji akaitwa, naye akaja kutafuna. Shamba langu likatiwa alama uani kwangu, na shamba lake likatiwa alama uani kwangu.

"Inatosha, mama," kijana akasema. "Hii ni ya kahawa tu."

Nikamwongezea kahawa.

Na kweli ilitosha, maana kampuni ile ilitujua kwa majina. Wanunuzi wa ndizi walikuwa na simu zao. Mkaguzi wao alifika kwa shemeji kwa miguu yake, akaona mnyauko, akaandika alichokiona. Wakataji wa migomba yenye ugonjwa walikuwa kampuni nyingine kabisa. Kila mmoja alikuwa na lake.

Halafu ikaja kampuni ya mjini kuwaunganisha. Bwana wao alituambia mkutanoni kwamba sasa mifumo inasomana, akiingiza mmoja wanaona wote. Tukampigia makofi. Hakuna aliyerudi mashambani kuhakiki. Ugonjwa wa shemeji ukatoka kwa watu wa ndizi, alama yake ikatoka kwa watu wa kahawa, na vyote viwili vikawaleta wenye mapanga mlangoni kwangu.

Nimewafuata wote. Wa kahawa wanasema, sisi hatukukata. Wa ndizi wanasema, sisi tuliandika ukweli. Wakataji wanasema, sisi tulitumwa. Wa mjini wanasema mfumo haukukosea, ulipokea ulichopewa. Yaani migomba yangu ilijikata.

Wakadhani nitauza nihame. Sihami. Nimechukua machipukizi kwa dada yangu kule Kanoni, nimeyapanda katikati ya visiki, na yameshika. Lakini ng'ambo ya mfereji migomba ya shemeji bado imesimama na ugonjwa wake, na haikatwi. Kwenye simu zao shamba lake limeshakatwa. Mnyauko husafiri na panga; panga moja likitoka kwake likagusa mche wangu, nimekwisha mara ya pili.

Kwa hiyo namtaka yule bwana wa mjini tuliyempigia makofi. Asitume kijana. Aje mwenyewe asimame hapa, visiki vyangu mkono huu, migomba migonjwa ya shemeji mkono ule, aseme mbele ya majirani ni nani kati ya kampuni zote anayejibu. Na kahawa sitamtengea kwanza. Atatembea shamba lote, hata mvua ikinyesha.