Siku Mama Mkwe Aliponifunika Khanga Nikiwa Hai

Turubai la msiba wangu lilipokuwa likifungwa kule Nyakunguru kwa baba, mimi marehemu nilikuwa nimekaa kitandani katika hospitali ya masista, paji la uso linateleza mafuta ya Padre, kiunoni nimefungwa khanga ya mama mkwe, na kaka yangu alikuwa ameshachinja dume la ng'ombe. Nimejaribu kuitafutia habari hii namna ya kuisimulia ambayo itaniacha na heshima kidogo, sijaipata, kwa hiyo naieleza kama ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke mapema amalize.

Mimi naitwa Marwa, nina duka la vipuri vya pikipiki Nkende, na ni mtu wa mpangilio, kila boliti dukani ina kopo lake. Mwaka jana nilipata ngiri kwa kubeba injini peke yangu. Ilianza kama uvimbe wa yai, nikaipuuza, ikakua, mpaka daktari mmoja wa hapa mjini akaniambia, "Mzee Marwa, hii siku ikikaba hatutapata muda hata wa kutafutana, katibiwe ingali mpole." Daktari wa upasuaji huwa anatoka mbali na kuja katika hospitali ya masista siku chache tu, halafu anaondoka, na hakuna anayejua atarudi lini. Nikapata nafasi. Mimi ni Msabato, lakini ngiri haina dhehebu.

Niseme ukweli kuhusu hospitali ile kabla sijajisema mwenyewe, maana watu wengi wanaiogopa bure. Unakwenda na ndoo, beseni, kikombe na shuka zako. Ukifanyiwa upasuaji lazima uwe na ndugu mmoja wa kukaa nawe, akuoshe, akupikie uji kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa lililo nyuma ya wodi (mimi nilikwenda na mke wangu, Ghati). Wageni wanaingia kwa kengele na kutoka kwa kengele, na mlinzi wa getini hata ukimwambia wewe ni mjomba wa mkuu wa mkoa anakuuliza tu kama kengele umeisikia. Asubuhi sista anaingia na "Tumsifu Yesu Kristo," wenzetu wanaitikia "Milele amina," anasali kwa kifupi, anapima presha. Hakuna anayelazimishwa kitu.

Jirani yangu wa kitanda, Mzee Salumu, fundi cherehani wa Mugumu aliyevunjika mguu, Mwislamu wa swala tano, alinitoa wasiwasi siku ya kwanza tu. "Huyu sista ananiombea asubuhi," akasema, "na mimi namwombea jioni. Mguu unapona, hatujui ni nani kati yetu aliyesikilizwa."

Siku ya upasuaji nilikatazwa kula, nikaogeshwa, nikavalishwa gauni la hospitali. Gauni hilo, kwa asiyelijua, linafungwa kwa vikamba viwili shingoni na kiunoni, na nyuma liko wazi, ndani huna kitu. Cha kiunoni kwenye langu kilikuwa kimekatika. Sista Imakulata, mkubwa wa wodi yetu, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa mchakamchaka, akaniambia, "Wewe ni wa tatu. Usitoke hapa, Marwa. Ukiitwa uwepo." Nikasema ndiyo, Sista.

Kengele ya wageni ikalia. Nikachungulia dirishani nimwone Ghati kama anarudi kutoka jikoni, na niliyemwona ni mama mkwe wangu, ametoka Nyansurura, kikapu kichwani, nyuma yake shemeji yangu Mwita, yule mwendesha bodaboda, amebeba kuku.

Hapa msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani hivi hivi. Tangu nimemwoa Ghati, nikifika Nyansurura mama mkwe anaingia jikoni, salamu inapita kwa Ghati kama barua, na tukikutana njiani mmoja wetu anaacha njia. Mama yule hajawahi kuniona nimevua hata koti. Mimi nilijua amekuja kuniona kwa adabu zote, yaani asimame nje, aulize hali yangu, aache kikapu, aondoke. Lakini Sista Imakulata alikuwa mlangoni, na kazi yake saa ya wageni ni kuhakikisha hakuna mgeni anayebaki nje amejikunyata. Nikamsikia, "Mama, pita ndani, usione haya, mgonjwa wako yule kitanda cha dirishani!"

"Mzee Salumu," nikanong'ona, "mama mkwe huyo!"

"Si jambo la heri? Mkaribishe."

"Hatukaribishani sisi!"

"Basi jifunike shuka, ujifanye umelala."

Lilikuwa shauri zuri kuliko yote niliyopata siku ile. Mimi nikaona, nikijifunika, mama atasogezwa na sista mpaka anishike mkono, na gauni lenyewe ndilo hili. Nikaamua kutoka kidogo tu kwa mlango wa nyuma, nikae mahali mpaka waondoke. Sikumwambia Sista. Mkono mmoja nikashika gauni nyuma, mwingine nikashika ngiri mbele (maana ukienda haraka inashuka), nikatoka hivyo, nikapita kamba za nguo, nikaingia mlango wa kwanza niliouona wazi.

Lilikuwa kanisa dogo la hospitali. Tupu, tulivu, mabenchi machache. Nikajiambia hapa mama mkwe hafiki. (Mama mkwe ni Mkatoliki tangu ujana wake, ana rozari shingoni siku zote, nilijua hilo vizuri kama ninavyojua jina langu, na Mkatoliki akikuta kitanda cha mgonjwa wake ni kitupu anakwenda wapi? Hayo nimeyafikiri baadaye.) Nikakaa benchi la nyuma kabisa, mgongo ukutani.

Sikukaa sana. Mlango ukajaa wagonjwa, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine na magongo, na Padre kijana mwenye kichupa mkononi. Kumbe siku hiyo ya wiki Padre huwapaka mafuta matakatifu wagonjwa wanaotaka, hasa wanaosubiri upasuaji. Ni sala ya kuomba nguvu na uponyaji, na wengi wa waliopakwa siku ile wako mashambani sasa wanapalilia. Lakini huku kwetu asiye Mkatoliki, na hata Wakatoliki wengi, wakisikia fulani amepakwa mafuta na Padre wanaanza kuulizana kaburi litachimbwa upande gani wa boma.

"Sogeeni mbele wote," Padre akasema. "Asiye Mkatoliki asiogope, aweke tu mkono kifuani, nitajua, nitambariki bila mafuta."

Nikasogea, kwa sababu nyuma nimebaki peke yangu na wote wananitazama. Nilisogea kiubavu, mgongo kwenye ukuta, mpaka mbele, nikamgeukia Padre, mabenchi matupu yakabaki nyuma yangu. Sasa ile habari ya mkono kifuani. Mkono upi? Wa nyuma umeshika gauni. Wa mbele umeshika ngiri. Nikamtazama Padre kwa macho nikitumaini ataelewa, yeye akaona mtu mwenye imani kubwa, akanipaka msalaba kwenye paji la uso, akasema maneno ya sala, halafu akasema kwa upole, "Mikono, mzee."

"Padre..."

"Viganja vyote viwili, nipake."

Nyuma yangu hapakuwa na mtu, nilikuwa nimeshahakikisha. Nikapiga hesabu: sekunde chache, napakwa, narudisha mkono, yamekwisha. Nikatoa mikono yote miwili. Gauni likafunguka kama mlango wa duka asubuhi. Na ndipo nikasikia nyuma yangu, karibu kabisa, kikapu kikianguka.

"Yesu na Maria!"

Sauti ile niliijua, ingawa kwa miaka yote ya ndoa nimeisikia kupitia ukuta wa jikoni. Mama mkwe alikuwa ameingia kumwombea mkwe wake aliyepotea kitandani, amepiga magoti benchi la pili, ameinua macho kuelekea altare, na kilichokuwa kati yake na altare ni mimi.

Nikaanguka chini, nikajikunja sakafuni kama mtu aliyepigwa, natamani vigae vipasuke. Mama yule (na hapa nitamheshimu mpaka naingia kaburini kweli) hakukimbia. Alifungua khanga yake ya juu, akageuzia uso pembeni, akanirushia, akanifunika mwili mzima pamoja na kichwa, huku analia kwa sauti ya kwetu, ile ya msibani, ya kupiga kelele mkono kichwani, kwa sababu ya aibu, si kwa sababu nyingine.

Mwita alifika mlangoni wakati huo. Tujiweke mahali pake kwa haki. Ameona Padre na kichupa cha mafuta. Ameona shemeji yake sakafuni, hatikisiki, amefunikwa khanga mpaka kichwani. Amemsikia mama yake. Akatoka nje na kuku wake, akampigia simu kaka yangu Nyamhanga kule Nyakunguru, akasema, "Marwa ametutoka. Padre alimwahi."

Mimi nilikuwa bado chini ya khanga, nikimsikia Sista Imakulata akiingia. "Marwa yuko wapi? Anaitwa chumba cha upasuaji tangu saa ile!"

"Nipo, Sista," nikasema kutoka ndani ya khanga.

Walipoisikia sauti yangu wagonjwa wawili walitaka kukimbia, mmoja wao ni wa magongo.

Nilirudishwa wodini na kiti cha magurudumu. Nafasi yangu alikuwa amepewa wa nne. Sista akasema labda mwisho wa zamu, akanipima presha, akatazama kipimo, akanipima tena mkono wa pili. Akaenda kumwita daktari. Daktari akanitazama mimi, akatazama kipimo, akauliza, "Huyu ametishwa na nini?" Mzee Salumu akajibu kwa niaba yangu, "Ameonwa na mkwewe, daktari." Daktari hakuwa mtu wa huku, hakucheka wala hakuelewa. Alisema tu kwamba kwa presha hii hanigusi, na kwamba yeye kesho anaondoka. Ngiri yangu ikabaki pale ilipokuwa.

Ghati alirudi kutoka jikoni na simu yake inalia. Akaisikiliza, akanipa mimi.

"Ghati, poleni sana," sauti ya Nyamhanga ilikuwa imekauka. "Tuko njiani na gari. Mwili tunauchukua leo au kesho?"

"Nyamhanga, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Marwa."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena baadaye alianza na swali la jina la ng'ombe wetu wa utotoni, nikalijibu, ndipo akanitukana, kwa Kikurya, kwa muda mrefu, na neno la mwisho la Kiswahili lilikuwa, "Mura, dume langu nimelichinja! Watu wanakula!" Nikamwambia waendelee tu. Nitasema nini kingine? Gari lilifika getini limejaa wanaume na mablanketi, mlinzi akawaambia kengele ya kutoka imeshalia, wakasema wamekuja kuchukua maiti, mlinzi akauliza ya nani, wakasema ya mtu aliye hai, na hapo ugomvi ukawa mkubwa.

Jioni Sista Imakulata alikaa pembeni ya kitanda changu. Nilitegemea kugombezwa. Akaniuliza kwa nini nilikimbia, nikamweleza habari ya mama mkwe. Akanyoosha kidole ukutani. "Marwa, mimi nimezaliwa Serengeti. Unadhani sijui mambo ya wakwe? Lile pazia pale ukutani unafikiri ni la nini? Ungeniambia 'Sista, yule ni mkwe wangu,' ningemkalisha upande wa pili wa pazia, mkasalimiana kwa sauti, yakaisha. Na gauni lililokatika kamba, unaomba la pili, unavaa moja linafunga mbele na moja linafunga nyuma. Kila wiki tunafanya hivyo. Lakini mgonjwa asiposema tutajuaje?"

Hilo ndilo ninalowaambia wateja dukani wanaokwenda kule. Mnawaeleza manesi mlikula nini na mnaumwa wapi, waelezeni na miiko yenu. Na ukiambiwa usitoke, usitoke. Mimi sitakimbia tena, hata aje nani.

Sasa Sista amepiga simu, daktari yule anarudi wiki ijayo na jina langu liko. Presha imeshuka. Ngiri haijashuka, inazidi. Ghati ni mjamzito na siku zake zimekaribia, hawezi kukaa nami. Nyamhanga amesema mimi na yeye tumemalizana mpaka dume lirudi. Basi juzi Mwita amekuja dukani na ujumbe kutoka Nyansurura.

"Mama anasema atakuja kukuuguza yeye."

"Yeye? Mwita, haiwezekani."

"Anasema kilichokatazwa kuonekana ameshakiona, kwa hiyo kilichobaki ni uji tu."

Baba amesema haiwezekani mpaka wazee wa pande mbili wakae, na blanketi na mbuzi wa kutakasa aibu vitangulie. Wazee wa Nyansurura wanasema mama yao alimfunika mtu aliyekuwa uchi, hana cha kutakaswa. Walipanga kukutana, mvua ikanyesha, mto ukajaa, hawajakutana.

Mfuko wangu uko tayari mlangoni: ndoo, beseni, shuka, kikombe. Juu kabisa nimeweka khanga ya mama mkwe, imefuliwa na kupigwa pasi. Nimeuliza kwetu na ukweni ni nani anayetakiwa kumrudishia, na mpaka leo hakuna aliyenijibu.