Jua la Kukariri

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliamini kwamba insha bila mapambo ni ugali bila mboga. Kila mmoja wetu alikuwa na daftari la mapambo: methali, mianzo ya kukariri, mapambazuko na machweo tuliyonakili kwa waliotutangulia. Mtihani ukija unayachomeka tu, na alama zinakuja.

Tukiwa kidato cha tatu, watano kati yetu tulichaguliwa kwenda tamasha la waandishi. Kila mwanafunzi angesoma ukurasa mmoja, na mmoja kati ya wote angefunzwa uandishi likizo nzima. Niliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikanishinda. Nilikuwa nimeandika kuhusu mama, siku alipoteleza na mtungi wa maji kwenye ngazi za ploti yetu mtaani Huruma, akaketi pale pale ghorofa ya nne akijicheka huku maji yakiteremka hadi dukani. Nilipomsomea aliniomba nirudie, kisha akawatangazia majirani kwamba atasomwa mbele ya waandishi.

Hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi ya tamasha niliwaona wenzangu wakipitia mapambo yao, nikauonea aibu ule mtungi. Nikachana ukurasa, nikaandika mwingine kutoka daftarini.

Ukumbini, msichana wa shule nyingine alianza: jua lilikuwa likitandaza miale yake ya dhahabu juu ya vilele vya milima. Nikatazama karatasi yangu: ilianza hivyo hivyo. Mvulana aliyemfuata akaanza na jua lile lile. Wa tatu alipolitaja, watu wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa wa nne, na karatasi nyingine sikuwa nayo.

Nilisoma. Walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Mwandishi aliyeongoza kikao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniuliza ninaishi wapi.

"Huruma."

"Na huko jua huchomoza wapi?"

Dirisha letu linatazama ukuta wa ploti jirani. Taa huwaka mchana kutwa. Ningesema hivyo tu, pengine ningeokoka. Badala yake nikaketi.

"Zii, usijali, si umesoma tu poa," mwenzangu akaninong'oneza, nikatamani kumzaba kofi. Nafasi ilienda kwa mwingine, nami nikajua haitarudi tena. Tangu siku hiyo, kila ninachoandika nakiona cha kuazima.

Niliporudi, mama alikuwa mlangoni na jirani yetu mmoja.

"Walicheka pale nimeanguka na mtungi?"

"Walicheka sana, mama."

Akamgeukia jirani. "Si nilikuambia?"