Sauti ya Mzee Katika Wimbo wa Hodan

Jamani, leo nimejitukana kwa mdomo wangu mwenyewe!

Hodan, binti wa kaka yangu, amekuja nyumbani hapa Garissa kunisikilizisha wimbo wake wa kwanza. Unatoka Ijumaa. Vinanda vya kizamani, mdundo mtamu, nami na kitambi changu nikaanza kuyumba.

Katikati ikaingia sauti ya mwanamume.

"Huyu umemtoa wapi? Analia kama ngamia aliyenyimwa chumvi. Mwondoe!"

Hodan akainamisha kichwa. "Adeer, ami yangu, huyo ni wewe. Ni ile kaseti uliyomtumia baba mwaka wa tisini na sita. Nimekuja kukuomba ruhusa."

Wallahi, nilisahau! Siku hizo barua zetu tulizirekodi kwa kaseti. Nilikuwa mbali, mjini Griftu, nikamwimbia kaka wimbo niliomtungia msichana niliyetaka kumposa, anipe maoni. Akanijibu kwa kaseti yake: "Peleka ngamia. Sauti iache nyumbani."

Nikatii.

"Basi nitakuondoa," Hodan akasema, machozi yakimlengalenga.

Mke wangu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Kumbe kulikuwa na wimbo? Mimi nililetewa ngamia tu! Hodan, usimguse. Rudisha mwanzo!"

Tumeusikiliza mara nne.

Sasa niambieni, msanii chipukizi mwenye mvi huvaa nini?