Geji na Kijiko cha Chumvi

Jana fundi alipofungua plagi za gari langu, harufu ya petroli mbichi ilinirudisha uani kwetu Nkoma, kwenye kiti cha dereva cha pikapu ya baba, nikiwa binti ambaye miguu yake inafika pedeli kwa shida.

Pikapu ilikuwa imeishiwa nguvu, na pamba iliyongoja kubebwa ilikuwa imejaa mpaka chumba cha kulala. Nyuma ya zizi maksai wetu wa kulimia alifungwa peke yake, tayari kupelekwa mnadani ikibidi kununua injini nyingine.

"Mayu, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata," fundi wa siku hiyo aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma.

Geji yake ya kupima nguvu ya silinda ilikuwa na mpira mrefu kutoka kwenye tundu la plagi, akainyanyua dirishani ili nami nione. Sindano iliruka, na moyo wangu ukaruka nayo. Silinda ya kwanza nzima, ya pili nzima. Ya tatu haikufika hata nusu.

Fundi akaomba kijiko. Mama akamletea kile cha chumvi.

"Namwaga oili humu ndani," alisema. "Sindano ikipanda, ringi zimekwisha, hii injini basi. Isipopanda, ni valvu tu, nazisaga leo hii."

Nikapiga stata huku nikiiomba sindano isipande. Ikatetemeka, ikabaki palepale. Mama akapiga vigelegele, kijiko bado mkononi.

Baba alizunguka nyuma ya zizi, akarudi na kamba tupu.