Shanga za Mama Mkwe Mezani Kitale

Jameni, mpaka leo mtu akitaja shanga mbele yangu naangalia chini, na hiyo aibu nilijitafutia mwenyewe, hakuna mtu alinituma.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nafanya kazi Kitale kwa memsabu mmoja, alikuwa anachimbua shanga za watu wa kale ajue zilitengenezwa nchi gani. Anapima ushanga ndani ya maji, kisha anauangalia kwa kioo cha kukuza. Ati ukiona mapovu ya hewa yamelala mstari mmoja, huo ni wa zamani, wa Bara Hindi. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, huo ni wa juzijuzi, wa Ulaya. Nilishangaa, bana! Kitu kidogo hivyo, nani alikibeba mpaka huku mlimani?

Basi nikaenda nyumbani Chwele, nikaona shanga kuukuu kwa kikapu cha mke wangu Nasimiyu. Nikasema hizi ni za shingo, za marehemu nyanya yake (nani aliniambia? Hakuna!), nikatia mfukoni bila kuuliza, si nitarudisha tu?

Memsabu alifurahi, akazitandaza mezani siku ileile watu walialikwa kuona vitu vya kale. Nimesimama hapo najigamba, "Karibuni, hizi nimeleta mimi," mara akina mama wa kanisa letu wakaingia, Nasimiyu akiwa na mama yake. Mama mkwe! Na sisi Wabukusu mama mkwe hata mkono humpi wala husemi naye uso kwa uso, mkikutana njiani unaingia kichakani.

"Nasimiyu! Shanga zangu za kiuno nilizokupa uniwekee zinafanya nini kwa bwana yako?"

Woi! Nikaingia chini ya meza. Nikajua leo bibi anarudi kwao, nimekwisha. Kisha nikamsikia mama mkwe, amenipa mgongo: "Nasimiyu, muulize huyo, zimetoka nchi gani?"

"Mwambie ni za Ulaya, za juzijuzi," nikabahatisha huko chini.

"Juzijuzi? Alivaa nyanya ya nyanya yangu! Mwambie aangalie tena. Hatutoki hapa."

Nikatoka, nikashika kioo cha memsabu, nikaangalia moja moja, mbele ya kanisa zima, shanga ambazo mkwe hafai hata kuziota, jasho linanitoka, mpaka nikaona mapovu yamenyooka. "Bara Hindi! Za zamani kabisa!"

"Mwambie nilijua," akasema mama mkwe. "Na zirudi leo."

Nasimiyu alibaki kwangu, ingawa alinicheka mwaka mzima. Mimi sasa nikiona shanga nauliza kwanza zinavaliwa wapi. Mahali zilitoka, hiyo baadaye.